Mkalimani Ndani ya Kompyuta

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida ya marekebisho kwa Windows 10, mfumo endeshi ulioenea sana katika kompyuta za maofisini na za mashuleni. Mfumo ulioufuata, Windows 11, hauzikubali kompyuta nyingi za zamani. Huzitaka ziwe na prosesa za miaka ya karibuni, na kifaa maalumu cha usalama kiitwacho TPM. Hivyo mashine ambayo jana ilihesabiwa kuwa nzima, ambayo taa zake zinawaka na vibonye vyake vinaitika, leo inahesabiwa kuwa imezeeka. Haikuharibika, imekataliwa.

Kwa ofisi yenye fungu la kutosha, jambo hili humalizwa kwa hati ya manunuzi. Kwa shule ya sekondari ya kata huko Bahi, Mpwapwa au Manyoni, yenye kompyuta chache zilizopatikana kwa msaada, ni jambo linalogusa uhai wa somo zima. Mwalimu huwekwa njia panda. Ama azitupe mashine na kuanza upya kuomba nyingine, ama aendelee kuzitumia bila kinga, huku akijua kuwa kila tundu la usalama litakalogunduliwa litabaki wazi.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kuwa ipo njia ya tatu, kueleza misingi yake ya kisayansi, na kutoa maoni yangu juu ya mipaka yake. Njia hiyo ni kuipa mashine mfumo endeshi mwingine, kama vile Linux, kisha kuziendesha ndani yake zile programu chache za zamani ambazo shule haiwezi kuziacha. Naiunga mkono njia hiyo. Lakini nasema pia kwamba ni daraja la kuvukia tu, na mtu hajengi nyumba juu ya daraja.

Kwa nini programu haihami kirahisi

Programu ni orodha ya maagizo. Kompyuta haijui Kiswahili wala Kiingereza. Inajua namba tu, na kila jamii ya prosesa ina kamusi yake ya namba hizo. Tuchukue mfano mmoja. Katika prosesa 8080, ambayo kampuni ya Intel iliitoa mwaka 1974, namba 118 ikisomwa kama agizo maana yake ni “simama”. Katika prosesa 8086, iliyotolewa na kampuni hiyohiyo mwaka 1978, namba 118 maana yake ni “kama namba ya kwanza haizidi ya pili, ruka uende kwenye agizo jingine”. Hao ni ndugu wa nyumba moja waliopishana miaka minne, na tayari neno la mmoja limekuwa jambo jingine kabisa kwa mwenziwe. Seuze prosesa zilizobuniwa na kampuni mbalimbali katika nchi mbalimbali!

Kikwazo cha kwanza, basi, ni lugha ya prosesa. Kikwazo cha pili ni taratibu za mfumo endeshi. Programu haifanyi kazi zake zote yenyewe. Inapotaka kufungua faili, kuchora dirisha kwenye kioo au kupeleka maandishi kwenye printa, huomba huduma hiyo kwa mfumo endeshi, kama mwananchi anavyokwenda ofisi ya kata kuomba barua. Kila ofisi ina fomu zake. Windows huita hazina ya faili kwa herufi, kama C:, na hutenganisha majina ya mafaili kwa alama \. Linux haina herufi hizo, nayo hutumia alama /. Tena, kwa kawaida Windows huhesabu “Matokeo” na “matokeo” kuwa jina moja la faili, ilhali kwa Linux hayo ni mafaili mawili tofauti. Programu iliyozoea desturi za kwanza ikifikishwa mbele ya dirisha la ofisi ya pili, hata ikiijua lugha yenyewe barabara, itarudishwa na fomu zake mkononi.

Mwanafunzi avitofautishe vikwazo hivi viwili, maana tiba zake si moja. Windows na Linux zikiwekwa kwa zamu katika kompyuta ileile, lugha ya prosesa haibadiliki. Zinazobadilika ni taratibu. Lakini ukitaka kuendesha programu ya kompyuta ya mezani ndani ya simu, aghalabu utavikuta vikwazo vyote viwili, kwani simu nyingi hutumia prosesa za jamii ya ARM, na kompyuta nyingi za mezani ni za kizazi cha ile 8086.

Mkalimani, mfasiri na mwenyeji

Wakazi wa uwanda wa kati hawahitaji kufundishwa ukalimani ni nini. Katika wilaya za Kondoa na Chemba peke yake mtu aweza kusikia Kirangi na Kigogo, ambazo ni lugha za Kibantu. Kiburunge na Kialagwa, ambazo ni za Kikushi. Kidatoga, ambayo ni ya Kinilote. Na Kisandawe chenye vidoko vyake, ambacho hakina ndugu wa karibu kati ya hizo zote. Ni sehemu chache sana za dunia ambamo lugha za asili zilizo mbali hivyo zimekaa jirani hivyo. Watu hawa wameuziana ng'ombe, wameoana na wameamua kesi zao. Waliwezaje? Kwa njia zilezile ambazo wataalamu wa kompyuta wamezitumia.

Njia ya kwanza ni ya mkalimani. Mkalimani hukaa kati ya wazungumzaji wawili, husikia sentensi moja, huigeuza, kisha husubiri inayofuata. Katika kompyuta kazi hii hufanywa na programu iitwayo emuleta. Emuleta husoma agizo moja la programu ngeni, hutazama maana yake, hutenda jambo lilelile kwa maagizo ya mashine mwenyeji, kisha hurudi kuchukua agizo jingine. Mbinu hii si ya jana. IBM ilipotangaza jamii yake ya System/360 mwezi Aprili 1964, iliwapa wateja wake emuleta, baadhi yake zikisaidiwa na vifaa vya ndani ya mashine yenyewe, ili programu za mashine za awali ziendelee kufanya kazi. Leo programu ya bure iitwayo DOSBox huiga kompyuta nzima ya miaka ya 1980, pamoja na prosesa yake na mlio wa kipaza sauti chake.

Njia ya pili ni ya mfasiri. Yeye hangoji sentensi moja moja. Hukichukua kitabu kizima, akakifasiri, na wasomaji wakakisoma bila yeye kuwapo. Apple ilipohama kutoka prosesa za PowerPC kwenda za Intel mwaka 2006, ilitoa programu ya ufasiri iitwayo Rosetta, ambayo ilifasiri vipande vya programu wakati ikiendelea kutumika na kuvihifadhi ili visifasiriwe upya. Ilipohama tena mwaka 2020 kwenda prosesa zake za jamii ya ARM, ilitoa Rosetta 2, ambayo hufasiri sehemu kubwa ya programu kabla haijaanza kutumika. Ufasiri huchukua muda mwanzoni, lakini baada ya hapo kazi huenda mbio.

Njia ya tatu ni ya mwenyeji mwema. Hapa mgeni anaijua lugha. Asichokijua ni taratibu za mahali. Mwenyeji humshika mkono na kumwambia: “Hapa kwetu barua haiombwi dirisha lile, huombwa hili.” Ndivyo ifanyavyo Wine, kazi iliyoanzishwa mwaka 1993 na kuendelezwa na watu wengi wa kujitolea hata toleo lake la 1.0 likatoka mwaka 2008. Wine haifasiri lugha ya prosesa hata kidogo. Programu ya Windows inapoomba kufunguliwa faili, Wine huipokea fomu hiyo, huijaza upya kwa utaratibu wa Linux, huipeleka, na kurudisha jibu kwa sura ambayo programu iliitarajia. Kwa hiyo programu nyingi huendeshwa kwa Wine kwa mwendo unaokaribia ule wa kwao.

Iko pia njia ya nne, ya kujenga ndani ya kompyuta moja kompyuta nyingine ya kuwazika tu, na kuuweka humo mfumo endeshi wa kigeni mzima mzima. Njia hii ina nguvu, lakini hula kumbukumbu nyingi, maana mifumo miwili hukaa nyumba moja na kula chungu kimoja. Isitoshe, huo mfumo wa ndani nao unahitaji leseni yake. Kwa mashine ya shule yenye kumbukumbu ndogo, njia hii mara nyingi haifai.

Kinachowezekana na gharama yake

Je, kila programu yaweza kuigizwa na kila mashine? Jibu la msingi lilitolewa mwaka 1936, kabla kompyuta za leo hazijaundwa, na Mwingereza Alan Turing. Alithibitisha kwa hoja za hisabati kwamba yaweza kubuniwa mashine moja ya jumla, ambayo ikipewa maelezo ya mashine nyingine yoyote ya kukokotoa, itaiga kazi yake yote hatua kwa hatua. Emuleta ni utekelezaji wa wazo hilo. Mashine ikiwa na kumbukumbu ya kutosha na ikiachiwa muda wa kutosha, hakuna hesabu ya mashine moja ambayo nyingine haiwezi kuifanya.

Lakini maneno “muda wa kutosha” yanabeba mzigo mzito. Tuchukulie kwamba kila agizo la programu ngeni huigharimu mashine mwenyeji maagizo hamsini. Mashine ya kwanza ya IBM ya mezani, iliyotolewa mwaka 1981, ilikwenda kwa mapigo milioni 4.77 kwa sekunde. Kompyuta ya kawaida ya shule leo huenda kwa mapigo milioni 2,000 au zaidi. Tukigawa 2,000 kwa 4.77 tunapata karibu 419. Tukiigawa 419 kwa 50, ambayo ni gharama ya ukalimani, tunabaki na 8. Yaani hata baada ya kumlipa mkalimani ujira mkubwa hivyo, programu ya mwaka 1981 bado itakwenda kama mara nane ya mwendo wake wa asili. Hesabu hiyohiyo ikifanywa kwa programu ya mwaka jana kwenye mashine ya mwaka huu, jawabu litageuka kuwa kilio. Kanuni ni hii: ukalimani ni rahisi kwa vitu vya kale, ni ghali kwa vitu vipya.

Yapo pia mambo matatu ambayo hisabati ya Turing haiyagusi. La kwanza ni vifaa vya nje: emuleta haiwezi kuifanya printa ya zamani ikubali waya ambao haina tundu lake. La pili ni sheria: programu iliyokatazwa kunakiliwa inabaki imekatazwa hata ikiwezekana kunakiliwa, na mwalimu anayewafundisha vijana uadilifu hana budi kuliheshimu hilo. La tatu ni usalama: programu ya Windows inayoendeshwa kwa Wine huweza kuyafikia mafaili ya mwenye kompyuta, kwa hiyo programu chafu haiwi safi kwa kuvuka mpaka.

Funzo kutoka historia yetu

Tanzania ililipia mapema ada ya somo hili. Kompyuta ya kwanza nchini mwetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza, ingawa kwa asili ilikuwa RCA 301 ya Marekani iliyobandikwa jina jingine. Lakini kufikia wakati huo kampuni hiyo ya Uingereza ilikwisha kutangaza, mwaka 1964, jamii mpya kabisa ya 1900, ambayo ilifanya kazi kwa maneno ya biti 24. Maagizo yaliyoandikwa kwa 1500 hayakuwa na maana kwake. Taifa lililokuwa na umri wa miaka michache liliingia katika elimu ya kompyuta kupitia lugha ambayo muuzaji mwenyewe alikuwa ameanza kuiacha.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuzitumia katika hesabu za Serikali kuleta hasara na matatizo. Sababu zilikuwa nyingi. Wataalamu walikuwa haba, fedha za kigeni zilikuwa haba zaidi, na mategemeo yalikuwa makubwa kuliko maandalizi. Sidai kwamba kutolingana kwa mashine ndiko kulikoleta marufuku hiyo. Ninalolisema ni kwamba mnunuzi asiyeuliza “kazi yangu itahamaje siku mashine hii itakapokufa?” amejifunga kabla ya kuanza.

Mwezi Oktoba wa mwaka huohuo 1974, kampuni ya ICL, mrithi wa ile ICT, ilitangaza jamii ya 2900, ambayo iliweza kuvaa ngozi ya 1900 na kuendesha programu zake za zamani. Kwa nini ilijisumbua hivyo? Kwa sababu wateja wake wa Ulaya walikuwa na programu walizozigharimia miaka mingi, nao hawakuwa tayari kuzizika. Waliuliza swali, wakajibiwa. Ukalimani wa mashine haukuletwa na ukarimu wa wauzaji. Uliletwa na wanunuzi waliojua thamani ya kazi yao.

Hesabu ya lugha ya kati

Turudi Kondoa na Chemba. Tulizitaja lugha sita. Ikiwa kila jozi ya lugha ingehitaji mkalimani wake, tungehitaji wangapi? Mwanafunzi wa hisabati atajibu: sita mara tano, gawa kwa mbili, yaani wakalimani 15. Lugha zikiwa kumi, wakalimani ni 45. Lakini kila jamii ikijifunza lugha moja ya kati, lugha sita zinahitaji madaraja sita tu, na lugha kumi madaraja kumi. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na Kiswahili. Hakikumwondolea Msandawe vidoko vyake wala Mrangi methali zake. Kilimpunguzia tu idadi ya wakalimani anaowahitaji ili auze, asome na ashtaki.

Kompyuta nazo zimepata lugha za kati. Mwaka 1995 ilitolewa Java, ambayo programu zake hutafsiriwa kwanza kwenda lugha ya mashine isiyokuwapo, kisha kila kompyuta huwekewa mkalimani mmoja tu wa lugha hiyo. Ukurasa wa intaneti nao ni lugha ya kati: ukifuata kanuni zilizo wazi, husomeka kwenye Windows, Linux na simu.

Mfano ulio karibu nasi ni wa afya. Afrika Kusini, katika miaka ya 1990, ilibuniwa programu ya takwimu za afya za wilaya iitwayo DHIS. Ilijengwa juu ya Microsoft Access, kwa hiyo ilifungwa kwenye Windows. Baadaye Chuo Kikuu cha Oslo kiliongoza kazi ya kuiandika upya, safari hii kwa Java na kwa kupitia kurasa za intaneti, ikaitwa DHIS2. Tanzania ni miongoni mwa nchi nyingi zilizoichukua. Mtunza takwimu wa kituo cha afya hahitaji kuuliza mashine yake inatumia mfumo gani. Anahitaji kivinjari na mtandao. Wenye kazi hiyo hawakuridhika na kuibebea programu ya kwanza mkalimani milele. Waliamua kubadili lugha.

Iko hatua nyingine iliyopigwa hapa nyumbani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyozungumza Kiswahili, kwa Linux na kwa Windows pia. Iliwezekana kwa sababu maandishi asilia ya programu hiyo yalikuwa wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyabadili. Haikuhitajika ruhusa ya mwenye duka.

Pingamizi tatu

Najua walimu wenzangu watapinga, na pingamizi zao zina uzito.

Wa kwanza atasema: “Waajiri wanataka vijana wanaojua Windows.” Ni kweli, na pale Windows ilipo kwa haki ifundishwe. Lakini mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza wa leo ataajiriwa baada ya miaka mingi, wakati ambapo vibonye alivyokariri vitakuwa vimehamishwa mara kadhaa. Aliyefundishwa faili ni nini na mfumo endeshi hufanya nini atazoea dirisha lolote kwa muda mfupi. Aliyefundishwa “bonyeza pale juu kushoto” atapotea mara tu “pale” patakapobadilika.

Wa pili atasema: “Linux haina fundi huku kwetu, ikikwama nitamwita nani?” Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote, wala haliondolewi kwa hotuba. Mashine iliyobadilishwa na mgeni wa siku moja, akaondoka bila kumwachia mtu ujuzi, itaishia kufunikwa kitambaa. Hapa wajibu ni wetu wa vyuo vikuu. Dodoma ina chuo kikuu chenye ndaki nzima ya kompyuta. Mwanafunzi wetu anayekwenda mafunzo kwa vitendo angeweza kukaa katika shule moja wiki kadhaa, akazihamisha kompyuta pamoja na mwalimu, na si kwa niaba yake. Shule isiyo na mtu wa namna hiyo isibadilishe mashine zote kwa mkupuo. Ianze na moja.

Wa tatu atasema: “Programu yetu ya matokeo haifanyi kazi kwenye Wine.” Huenda ni kweli, kwani Wine haiwezi yote. Hapo ndipo utaratibu unapohitajika kuliko ari.

Linalotupasa kufanya

Kwanza, kabla ya kutupa wala kubadili mashine, shule iandike orodha ya programu zake na kuzigawa mafungu matatu: zile zenye mwenzake wa bure katika Linux, kama za kuandikia na za hesabu, zile za zamani zinazoweza kuigizwa, na zile zisizohama kabisa. Kwa fungu la tatu, itengwe kompyuta moja yenye mfumo wake wa asili, isiyounganishwa na mtandao. Mara nyingi orodha hiyo itaonyesha kuwa fungu la tatu ni dogo kuliko tulivyohofu.

Pili, tuokoe taarifa kabla ya programu. Programu ya matokeo yaweza kupatikana nyingine. Alama za wanafunzi wa miaka kumi hazipatikani tena. Tuzitoe kumbukumbu hizo katika programu zilizofungwa na kuziweka katika mitindo iliyo wazi, ambayo kanuni zake zimechapishwa: maandishi ya kawaida, majedwali ya ODF ambayo yamekuwa kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2006, au PDF kwa nyaraka zisizobadilika. Kondoa wana michoro ya miambani, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Rangi ipo, wanyama na watu wanaonekana, lakini walioichora hawapo tena kutuambia yote waliyokusudia. Diski iliyojaa alama za wanafunzi ambayo hakuna programu ya kuisoma inaelekea huko, tena ikiwa mbaya zaidi, maana haina hata picha ya kutazama.

Tatu, programu zote zinazoandikwa kwa fedha ya umma zitumie lugha ya kati. Dodoma ni makao makuu ya nchi, na ndipo yalipo makao ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Hapa ndipo mahali pa kusimamia kanuni kwamba mfumo unaokusudiwa kutumiwa na kila shule usimtake mwalimu anunue mashine ya aina moja. Walimu nao waulize swali hilo kila wanapoletewa programu mpya, iwe ya kuuzwa au ya bure: “Nikiwa na mashine nyingine, itafanya kazi? Nikiiacha, nitaondoka na taarifa zangu?”

Nne, emuleta yenyewe iingie darasani kama somo. Katika maabara niliyosomea shahada ya uzamivu ng'ambo, programu za hesabu zilizoandikwa kwa mashine zilizokwisha kufa ziliendelea kutumika kwa ukalimani, na vijana waliozitunza walijifunza zaidi juu ya undani wa kompyuta kuliko kwa mihadhara. Si lazima tungoje vifaa. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aweza kubuni kwenye karatasi mashine yenye maagizo matano tu: chukua, jumlisha, toa, ruka, simama. Ayape namba. Mwenzake abuni mashine yenye maagizo yaleyale kwa namba nyingine. Kisha kila mmoja aendeshe programu ya mwenziwe kwa kutazama jedwali la tafsiri, akihesabu hatua zilizoongezeka. Kwa kipindi kimoja cha dakika arobaini watakuwa wamelishika wazo la Turing, na wamejua kwa mikono yao gharama ya mkalimani.

Emuleta inatuambia kwamba mashine haina neno la mwisho juu ya kazi ya binadamu, na lugha ya kati inatuambia jinsi ya kumpunguzia mkalimani safari. Lakini hakuna programu itakayomwambia mkuu wa shule kama kompyuta zilizo kwenye stoo yake zinastahili kutupwa. Hilo litajulikana kwa kuzikagua. Basi kabla ya barua ya kuomba mashine mpya haijapigwa muhuri, mwalimu wa kompyuta na wanafunzi wake wapewe ufunguo wa stoo, karatasi ya kuandikia orodha, na wiki mbili.